Kisichouma Nacho Kipimwe

Nekesa mama,

Kosa ambalo watu wengi hufanya, na sisi tunaoishi kwa ng'ombe huku Kapseret tunalifanya kuliko wengine, ni kudhani kwamba ugonjwa wa titi lazima uume. Kitu kisipouma, tunasema si kitu. Mimi pia niliwahi kusema hivyo, tena kwa sauti ya mtu aliyesomea mifugo, na niliyemwambia ni mama yako. Ndiyo maana nimekaa mezani jioni hii, wewe ukiwa umeenda kuwaaga wenzako wa kwaya, nikuandikie.

Jumapili, mlipokuwa mkichambua maharagwe, ulimwambia mama yako kwamba umegusa kitu kigumu kwenye titi la kushoto, upande wa kwapa. Alipokuambia uende ukaangaliwe kabla ya kusafiri kwenda kufundisha Lodwar, ulicheka. "Zii Mum, hata haiumi. Nitaangalia Desemba nikija likizo." Jana amenieleza. Usimkasirikie. Alisema, "Mimi nimesema, amecheka. Sasa andika wewe. Wewe si ndiye unapenda kueleza?"

Ni kweli, napenda kueleza. Umeniambia mara nyingi kwamba ukiniuliza saa nakueleza saa inavyotengenezwa. Basi nivumilie mara moja tena. Habari za chandarua, maji ya kuchemsha na akiba ya unga sitaziandika. Mama yako amekwisha kuzisema na atazisema tena pale stendi mpaka dereva apige honi. Mimi nitakuandikia jambo moja tu, nalo ni mama yako mwenyewe.

Wewe unajua mwisho wa ugonjwa wake. Mwanzo wake huujui. Ulikuwa kidato cha pili, shule ya bweni, na ulipofika nyumbani likizo ulimkuta hana nywele, amelala kwenye kochi, ndoo kando yake. Ulimwona akishika ubavu alipokohoa, kwa sababu ya mshono. Ulimwona akikataa hata uji. Nadhani tangu siku hiyo umeamini kwamba saratani ya matiti ni maumivu. Lakini mama, yale uliyoyaona yalikuwa maumivu ya matibabu. Ugonjwa wenyewe, siku ulipoanza, haukumuuma hata kidogo.

Aligusa kitu kwenye titi alipokuwa akioga. Kilikuwa kama punje ya mahindi makavu chini ya ngozi. Aliniita nikiwa uani. Unajua kazi yangu ilikuwa nini kabla sijastaafu: miaka yote ile nilizunguka kwa pikipiki ya idara, kutoka mji wa Ziwa mpaka huku kwetu, nikifundisha watu kutunza ng'ombe wa maziwa. Na somo nililolifundisha zaidi lilikuwa la ugonjwa wa kiwele. Niliwaambia wakamuaji: shika kila robo ya kiwele kwa mkono. Ikiwa na joto, ikiwa imevimba, ng'ombe akirusha teke ukimgusa, hapo pana ugonjwa. Kikombe cheusi cha kupimia kikionyesha madonge kwenye maziwa ya kwanza, hapo pana ugonjwa. Watu walilishika somo hilo vizuri. Mwanamke wa Kapseret anaweza kukuambia robo ipi ya kiwele ina shida akiwa amefumba macho.

Basi mama yako aliponiita, nilimuuliza maswali yale yale. "Pana joto?"

"Hapana."

"Pamekuwa pekundu?"

"Hapana."

"Panauma?"

"Hata kidogo. Kipo tu."

Nikamwambia, "Hicho si kitu. Paka yale mafuta ya kukamulia, ukande kwa kitambaa cha maji moto. Kitayeyuka." Naye akafanya hivyo. Si yeye peke yake. Nilikuja kujua baadaye kwamba nusu ya wanawake wa kikundi chao cha maziwa wamewahi kujipaka mafuta ya kukamulia kwa uvimbe wa namna hiyo. Mtu hutibu kwa kile anachokijua, na sisi tunajua ng'ombe.

Hapa ndipo ninapotaka kukueleza, kwa sababu hili ndilo lililonichukua muda mrefu kulielewa, na mimi nimesoma. Ugonjwa wa kiwele huletwa na vijidudu vinavyoingia kutoka nje. Mwili wa ng'ombe huwatambua wageni hao na kupigana nao. Joto, wekundu, uvimbe na maumivu ni dalili za vita hivyo. Lakini saratani haikuingia kutoka nje. Ni chembe za mwili wenyewe ambazo zimesahau sheria ya kuacha kuongezeka. Zinagawanyika, zinagawanyika tena, na kwa sababu ni za mwili wenyewe, mara nyingi mwili hauzistukii. Hakuna vita, kwa hiyo hakuna joto wala maumivu. Zinakua tu, kimya kimya. Siku maumivu yanapokuja, mara nyingi ugonjwa umekwisha kuenea. Kungoja kuumwa ni kungoja wakati ambapo matibabu yamekuwa magumu zaidi.

Hayo sikuyajua. Mama yako pia hakuyajua. Lakini alijua jambo jingine, na kwa hilo nitamheshimu mpaka nitakapozikwa.

Unakumbuka alivyokuwa kwenye kituo cha kukusanyia maziwa. Yeye ndiye aliyekuwa akipima. Kila asubuhi mitungi inapangwa mstari, bodaboda zinaunguruma, na mama yako amesimama kando ya tangi la kupozea na chupa yake ya spiriti. Anachota maziwa kidogo, anayachanganya na spiriti, anatikisa. Yakiganda, hayaingii tangini. Hakujali ni ya nani. Aliwahi kurudisha mtungi wa mchungaji siku ya Jumamosi, na kesho yake akaenda kukaa benchi la mbele kanisani.

Basi asubuhi moja alikuja Mama Chebet, jirani yetu wa ng'ambo ya mtaro, na mitungi yake miwili, akitaka kupita mbele kwa sababu alikuwa na safari ya mjini.

"Mama Nekesa, mimina tu. Mimi si mgeni hapa."

"Nipime kwanza."

"Unapima nini? Si unaona ni nyeupe? Nusa! Inanuka?"

"Hainuki."

"Imeganda?"

"Haijaganda."

"Sasa shida ni gani? Ama umekuwa polisi wa maziwa?"

Watu wakacheka kwenye mstari. Mama yako akamjibu, "Shida ni kwamba sijapima. Mtu hawezi kusema maziwa ni mazuri kwa sababu haijamtukana." Akapima. Mtungi wa kwanza ulikuwa mzuri. Wa pili uliganda kwenye chupa, mbele ya watu wote, na kwa macho ulikuwa mweupe kama ule wa kwanza.

Mama Chebet alikasirika mpaka akasahau safari yake ya mjini. Lakini mama yako hakumsikia tena. Aliniambia baadaye kwamba alisimama pale na chupa mkononi, akajiuliza: mimi ninayekataa kumimina maziwa ya jirani bila kupima, ni nani aliyenipimia kile kilicho kifuani mwangu? Alikuwa amekihukumu kwa maneno yale yale ya Mama Chebet. Hainuki. Haijaganda. Haiumi.

Alikuja moja kwa moja mpaka nilipokuwa nikikata majani ya ng'ombe.

"Baba Nekesa, kesho tunaenda hospitali."

"Kwani kimeanza kuuma?"

"Hakijauma. Ndiyo tunaenda."

"Mahindi yamekauka shambani, Mama Nekesa. Tungoje tuvune, wiki mbili tu."

"Mahindi yatangoja. Yana miguu?"

Nikaanza kumweleza tena, nikichora kiwele hewani kwa panga: robo hii, joto lile. Alinisikiliza mpaka mwisho, unajua alivyo na adabu. Kisha akauliza, "Hiyo yote umenieleza ni ya ng'ombe. Mimi ni ng'ombe?"

"La."

"Basi weka panga chini, utafute koti yako ya kusafiri."

Tulikwenda. Daktari alikuwa binti mdogo, labda umri wake wakati ule ulizidi huu wako wa sasa kwa miaka michache. Alimkagua mama yako kwa vidole vilivyolala bapa, titi lote, polepole, akizunguka, kisha kwapani, kisha juu ya mfupa wa bega, pande zote mbili. Akamuuliza kama panauma. Mama yako akasema hapana. Mimi nikashusha pumzi, nikasema, "Si hiyo ndiyo habari njema, daktari?"

Akaniangalia kwa upole. "Mzee, kama ingeuma ningeiangalia. Na kwa kuwa haiumi, nitaiangalia hivyo hivyo. Maumivu hayaniambii ni nini. Picha na kipimo ndivyo vitaniambia."

Nilimgeukia mama yako, nikaona anatabasamu. Alikuwa amemtambua mwenzake wa kazi.

Walimpiga picha ya titi. Wakasema wanataka kuchoma sindano, wachote kipande kidogo kikaangaliwe kwenye maabara. Habari zikafika nyumbani kabla yetu, na Mama Chebet, ambaye hasira ilikuwa imempoa, akaja mbio. "Usikubali sindano, dada yangu! Hiyo kitu ikiguswa na chuma inakasirika. Yule shemeji yangu aliguswa tu, akaisha." Alikuwa analia kweli. Alimpenda mama yako.

Ninataka uyajibu maneno hayo moyoni mwako kabla hujafika mahali ambapo mtu atakuambia vivyo hivyo, maana utaambiwa. Wale waliochomwa sindano kisha wakafa upesi, wengi wao walifika hospitali wakiwa wamechelewa. Ugonjwa ulikuwa umekwisha kutembea mwilini kabla chuma chochote hakijawagusa. Sindano iliwakuta hivyo, ikabeba lawama. Sindano ni kama ile chupa ya spiriti. Haiyagandishi maziwa mazuri.

Mama yako alimfuta Mama Chebet machozi, akamwambia, "Sasa wewe unataka nimimine bila kupima?" Wakacheka wote wawili, na kesho yake akaenda akachomwa.

Majibu yalikuwa saratani. Lakini uvimbe ulikuwa bado mdogo, na haukuwa umeonekana mahali pengine. Daktari alitueleza kwamba hiyo ndiyo tofauti kubwa: ukikutwa mapema, madaktari wana njia nyingi za kuutibu na nafasi ya kupona ni nzuri, ukikutwa umechelewa, njia zinapungua na safari inakuwa nzito. Walitoa uvimbe na baadhi ya tezi za kwapani, akabaki na titi lake. Kisha dawa za mishipani, ambazo ndizo zilizomnyoa nywele. Kisha tiba ya miale. Mimi nilidhani nitakuwa nguzo. Kumbe siku ya dawa ya kwanza mimi ndiye niliyeishiwa nguvu kwenye benchi, muuguzi akaniletea maji, na mama yako, dripu ikiwa mkononi, akawaambia wagonjwa wenzake, "Msijali, huyu ni wa ng'ombe, hajazoea watu." Nywele zilipoisha akajitazama kwenye kioo, akanitazama na mimi na upara wangu, akasema, "Sasa tumelingana."

Lakini si ujasiri wa hospitali ninaoustaajabia zaidi. Pale mtu akishafika, hana la kufanya ila kuvumilia. Ninachokistaajabia ni ile siku moja kabla. Mwanamke asiyeumwa, mwenye kazi, mwenye mahindi shambani, mwenye mume anayemweleza kwamba hana kitu, akaamua kwenda. Hakuna aliyemsukuma. Nimeona watu wakipigania maisha baada ya kuonyeshwa kaburi. Huyu aliyapigania siku ambayo kila mtu, hata mwili wake mwenyewe, alimwambia kwamba hakuna vita.

Aliporudi kituoni, hakujificha. Siku ya mkutano wa kikundi alisimama mbele ya wanawake wale wote, kitambaa kichwani, akasema: "Ninyi mnakijua kiwele cha ng'ombe wenu gizani. Titi lako mwenyewe hulijui hata mchana." Wakafunika vinywa kwa leso. Nyanya mmoja akauliza kutoka nyuma, "Sasa unataka tujikamue?" Kicheko kikavunja mkutano. Mama yako akangoja kiishe, kisha akawaonyesha juu ya sweta lake namna ya kugusa kwa vidole bapa, kuzunguka lote mpaka kwapani, na kusimama mbele ya kioo ukiinua mikono. Akawaambia wanachotafuta ni mabadiliko: uvimbe mpya, ngozi inayobonyea ndani au kuwa kama ganda la chungwa, chuchu iliyovutwa ndani ambayo haikuwa hivyo, damu au majimaji yanayotoka bila kukamuliwa, titi moja linalobadilika umbo. Kwa anayepata hedhi, siku chache baada ya kumaliza ndizo nzuri, maana kabla yake matiti huwa na vinundu vingi vya kupotosha. Lakini akawaambia pia kwamba mkono wa nyumbani haumalizi kazi. Mkono unakuambia tu kwamba kuna jambo la kupimwa. Na wenye umri wamuulize daktari kuhusu ile picha ya titi hata kama hawajagusa chochote, kwa sababu picha huona kabla mkono haujaona.

Mama Chebet alikuwa wa kwanza kwenda. Alikuwa na uvimbe wake aliokuwa ameupaka mafuta ya kukamulia karibu mwaka mzima. Ulipimwa, ukawa mfuko wa maji tu, si saratani. Alirudi akiimba njiani. Nakuandikia hilo ili ujue kwamba mlango wa hospitali hauna jibu moja.

Na sasa wewe, mama. Sikuandikii ili nikutie hofu. Kwa umri wako, uvimbe mwingi wa titi huwa si saratani. Hilo ni kweli, na daktari atakuambia vivyo hivyo. Lakini "mwingi" si kipimo. Mimi siwezi kukijua kilicho kifuani mwako kwa kuandika, na wewe huwezi kukijua kwa kusema hakiumi. Tena wewe ni binti wa mwanamke aliyewahi kuugua, na madaktari wanataka kulijua jambo hilo. Halina maana kwamba nawe utaugua. Lina maana kwamba wewe hungoji Desemba.

Nimekutazama wiki hii ukipanga vitabu vyako, ukiandika masomo ya wanafunzi wa kidato cha kwanza ambao hujawaona bado, ukicheka na ndugu zako. Nimejivuna. Watoto wa Lodwar watapata mwalimu asiyechoka kuulizwa. Na nimejivuna kwa jambo jingine ambalo labda hukuliona kuwa jambo: ulimwambia mama yako. Kuna wanawake wamebeba siri hiyo hadi ikawashinda. Wewe uliisema, katikati ya maharagwe, kama mtu anayesema kuna wingu. Nusu ya ujasiri wa mama yako unayo tayari. Imebaki ile nusu ya kuvaa koti na kwenda.

Huenda wakakukagua tu na kukuruhusu. Huenda wakataka picha. Kwa vijana mara nyingi hutumia ile mashine ya kupakwa mafuta ya baridi na kupitishwa kifaa juu ya ngozi, haiumi. Huenda wakataka sindano, na majibu yakachukua siku. Ikiwa hivyo, mpigie mwalimu mkuu umweleze kwamba unachelewa kidogo. Shule iliyokungoja muda wote huu itakungoja siku chache zaidi. Na kama wataona unaweza kusafiri huku ukingoja, safiri, lakini uondoke ukijua ni lini majibu yanatoka na ni nani atakayekupigia.

Mama yako amesema atakusindikiza ukitaka, na usipotaka atabaki jikoni bila kununa. Mimi nitawakamua ng'ombe.

Barua hii nitaiweka juu ya begi lako, uione ukiamka. Basi la Lodwar linaondoka jioni, na kliniki inafunguliwa asubuhi. Ni mimi baba yako ninayekuomba: leo, kabla ya kufunga begi, nenda ukapimwe.